Kuhukumu, Kutenga na Kurudisha Kundini



Katika jubilei ya miaka 100 usharika huhesabu. Huhesabu waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa takatifu, wachungaji waliotumika na nyumba za ibada zilizojengwa. Na kuhesabu huko ni kwema, kwa kuwa Mungu ametenda. Lakini vitabu vya sharika huwa na hesabu nyingine isiyosomwa siku ya sikukuu, nayo ni ya waliotengwa na Meza ya Bwana. Wengine wao walirudi kundini. Wengine walihamia madhehebu mengine wasiulizwe na mtu. Wengine walifariki wakiwa bado wametengwa, na jamaa zao wakabaki na mashaka hata kando ya kaburi. Mada iliyopangiwa siku hii, yaani mafundisho ya Kikristo kuhusu kumhukumu mtu mwingine, haiwezi kuzungumzwa kwa ukweli hapa Mbulumbulu pasipo kuigusa hesabu hiyo.

Agizo la Bwana katika Mathayo 7, kwamba wafuasi wake wasihukumu, linajulikana na kila mtoto wa Shule ya Jumapili. Huenda pia ndilo agizo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Mlevi akionywa hulitaja. Aliyekula fedha za chama cha ushirika akitakiwa kutoa hesabu hulitaja, tena kwa sauti kubwa. Wote wawili husoma aya ya kwanza na kukifunga kitabu, maana katika sura hiyo hiyo Bwana anawatahadharisha wanafunzi juu ya mbwa na nguruwe, kisha juu ya manabii wa uongo wanaotambuliwa kwa matunda yao. Haiwezekani kumtambua nabii wa uongo pasipo kupambanua. Basi agizo hilo halikutolewa ili Kanisa lifumbe macho.

Neno la Kigiriki lililotumika hapo, krino, asili yake ni kutenga, kama atengaye punje na makapi. Kutoka hapo likapata maana ya kupambanua, na mwisho maana ya kutoa hukumu. Kiswahili nacho kina jambo linalofanana na hilo, kwa kuwa hukumu, hakimu na hekima ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Mwenye hekima hupambanua jambo, na hakimu hukata shauri juu ya mtu. Bwana anawaachia wanafunzi wake kazi ile ya kwanza. Ile ya pili, ya kukata shauri juu ya mtu na kumfunga ndani ya kosa lake, ameiweka mikononi mwake mwenyewe hadi siku ya mwisho.

Mfano wa boriti na kibanzi nao husomwa nusu. Waswahili wana methali yao, nyani haoni kundule, nayo hukomea kwenye dhihaka: nyani amechekwa, basi. Bwana anaendelea zaidi ya hapo. Aliye na boriti aitoe kwanza, ndipo aone vema, na akiisha kuona vema amwendee ndugu yake na kumtoa kibanzi. Kibanzi hakikusahauliwa, kinaumiza jicho na lazima kitoke. Lakini mtu humruhusu nani kuligusa jicho lake? Humruhusu yule tu mwenye mkono mwepesi, aliyekwisha kuumia jicho mwenyewe na anayejua maumivu yake.

Mkulima wa Mbulumbulu hahitaji kufafanuliwa sana mfano wa ngano na magugu katika Mathayo 13. Hapa watu hulima ngano na shayiri, na wanazijua zile nyasi zinazoota pamoja na ngano na kufanana nayo majani, hata mtu asiweze kuzitofautisha kwa hakika mpaka masuke yatokeze. Mtumwa mwenye bidii anapotaka kwenda kung'oa mapema, mwenye shamba anamzuia. Sababu anayoitoa haihusu magugu hata kidogo. Anaihofia ngano, kwamba mizizi imeshikana na ngano itang'oka pamoja nayo. Anajua pia kwamba macho ya mtumwa hayatoshi. Kazi hiyo imewekewa wavunaji na siku ya mavuno.

Kabla Injili haijaenezwa katika nchi hii, Wairaqw walikuwa na hukumu yao ya kutenga. Walipotoka Irqwar Da'aw, nchi yao ya asili katika milima ya Mbulu, na kusambaa kuelekea kaskazini hadi Karatu na Mbulumbulu katika karne ya 20, desturi hiyo walikuja nayo. Mtu aliyeguswa na jambo lililohesabiwa kuwa la hatari, kama kufiwa na mwenzi, kufiwa na mtoto au kuharibikiwa na mimba, aliingia katika hali iliyoitwa metimani. Alikaa kando. Hakula wala kunywa katika chombo kimoja na wengine, hakuingia katika nyumba za jirani, hakuhudhuria mikusanyiko, na hali hiyo iliweza kudumu kwa miezi mingi. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliangukiwa na sehemu iliyo kali kuliko zote. Alitakiwa kuondoka nyumbani na kujifungua mbali na watu wake, na baadhi ya wasichana hao waliishia kuolewa katika jamii jirani, hasa kwa Wadatoga.

Ni rahisi kuwahukumu wazee waliofanya hivyo, ingawa lingekuwa jambo la ajabu katika mada ya namna hii. Wazee hao hawakuwachukia binti zao. Waliamini kwamba unajisi wa mtu mmoja huifikia nchi nzima, ukazuia mvua, ukadhuru mifugo na uzazi wa wanawake, na kwamba mwenye dhamana ya nchi hana budi kuilinda. Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 5, anasema kuwa chachu kidogo huathiri donge zima. Hofu ya wazee ilikuwa na maana yake. Ila gharama ya hofu hiyo ilibebwa na mjane, na mama aliyetoka kuzika, na msichana.

Hapo Injili ilikuwa na jambo jipya la kusema, na inafaa kulikumbuka katika mwaka wa jubilei. Katika Luka 7 Bwana anakutana na mazishi kwenye lango la Naini. Anayezikwa ni kijana, mwana pekee wa mama yake, na mama huyo ni mjane. Kwa macho ya Mwiraqw wa zamani mwanamke huyo alikuwa amefungwa mara mbili, kwa kifo cha mume na kwa kifo cha mtoto, na hakuna mtu mwenye busara ambaye angemkaribia. Torati yenyewe ilimhesabu kuwa najisi mtu aliyegusa maiti. Bwana anamkaribia mjane, anamwambia asilie, kisha ananyosha mkono na kuligusa jeneza. Unajisi haukumpata Yesu. Uzima wake ndio uliompata maiti. Mafundisho ya namna hii yaliwapa wajane na mama waliofiwa mahali pa kuketi katikati ya watu, na pengine hakuna mahubiri yaliyoeleweka upesi zaidi katika nchi hii.

Lakini kwa habari ya yule msichana mambo hayakwenda hivyo. Katika jambo hilo wamisionari na wazee wa mila, ambao hawakupatana kwa mengi, walipatana. Kilichotolewa kwa mlango wa mbele kikaingia kwa mlango wa nyuma, kikiwa kimevaa jina la nidhamu ya Kanisa. Desturi hiyo inajulikana katika sharika nyingi za Kilutheri nchini: msichana akionekana kuwa na mimba hutengwa na Meza ya Bwana, huondolewa kwaya, haruhusiwi kuwa mdhamini wa ubatizo, na baada ya muda uliowekwa husimama mbele ya ibada ya Jumapili ili arudishwe kundini. Katika baadhi ya sharika hata mtoto wake husubiri ubatizo mpaka mama arudi, au huletwa na bibi yake kana kwamba hana mama. Hafukuzwi tena kwenda porini. Huketi benchi la nyuma, watu wote wakimwona.

Inafaa kuuliza kama Walutheri walifundishwa hivyo na Luther. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akieleza Amri ya Nane, Luther anatofautisha kuijua dhambi ya mtu na kuihukumu. Mtu anaweza kuijua dhambi ya jirani yake kwa sababu ameiona au ameisikia. Hilo halimpi mamlaka ya kuihukumu wala kuitangaza. Wanaozibeba habari za namna hiyo kutoka nyumba hadi nyumba anawafananisha na nguruwe wanaofukua uchafu kwa pua zao. Mamlaka ya kukemea waziwazi anayatambua kwa wale waliopewa wajibu huo: hakimu, wazazi, mhubiri. Kwa hiyo mchungaji anaruhusiwa, tena anaagizwa. Wanaosubiri zamu kwenye bomba la maji hawaruhusiwi, nao ndio huketi kikao kabla ya Baraza la Wazee kukutana, na mara nyingi hukumu yao ndiyo inayotekelezwa. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka huo huo, ambayo kila mwanafunzi wa kipaimara ameikariri, amri hiyo inaelezwa kwa upande wa pili: Mkristo amtetee jirani yake, amnene mema, na mambo yake ayachukue kwa namna iliyo njema.

Juu ya kutenga kwenyewe, Luther aliandika katika Makala za Smalkald za mwaka 1537. Adhabu ya kuwaaibisha na kuwaumiza watu kwa nguvu za dola aliikataa kuwa si kazi ya Kanisa. Aliibakiza ile ndogo, akaiita ya Kikristo kweli: wenye dhambi walio wazi na wakaidi wasipokelewe kwenye Sakramenti mpaka wajirekebishe na kuiacha dhambi. Neno la kuangaliwa hapo ni wakaidi. Anayetengwa ni yule anayeonywa na kukataa. Mathayo 18 inafuata njia hiyo hiyo: kwanza faraghani kati ya mtu na ndugu yake, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya Kanisa, na ni baada ya kukataa mara hizo zote ndipo anapohesabiwa kuwa mtu wa nje. Katika Makala za Smalkald hamna miezi mitatu wala miezi sita. Kinachomaliza kutengwa ni toba. Msichana anayemwendea mchungaji wiki ya kwanza akiwa analia na kuungama dhambi yake, kisha akaambiwa asubiri nusu mwaka, hajatengwa kwa sababu ya ukaidi. Amefungwa kifungo. Kifungo ni jambo la mahakama, na mahakama za nchi zipo Karatu.

Mtu anaweza kusema kwamba pasipo ukali vijana wataharibika. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi fulani, wala wazazi wenye mabinti hawaiwazi kwa ubaya. Lakini izingatiwe ni nani anayeharibiwa na ukali unaotumika. Katika Yohana 8 waandishi na Mafarisayo wanamleta mwanamke aliyefumaniwa katika tendo lenyewe. Torati, katika Walawi 20 na Kumbukumbu la Torati 22, iliwataja wawili, mwanamume na mwanamke. Aliyeletwa ni mmoja. Yule mwingine alipita wapi, naye alifumaniwa mahali pale pale na saa ile ile? Injili haisemi. Washitaki hawakumwuliza, na tangu hapo waleta mashitaka wachache mno wamewahi kumwuliza. Mimba huonekana, ubaba hauonekani. Nidhamu inayofuata macho itamfikia binti siku zote, na mwanamume ataendelea kuimba sauti ya tatu kwenye kwaya au kupitisha kikapu cha sadaka. Bwana hakumhukumu mwanamke yule, wala hakumwambia kwamba hakutenda kosa. Alimwagiza asitende dhambi tena. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, wala hakumwekea muda wa kusubiri katikati yake.

Ziko kurasa za Mwanzo ambazo husomwa kwa nadra katika ibada, labda kwa aibu. Katika sura ya 38 Yuda, mzee wa ukoo, anaambiwa kwamba mkwewe Tamari, aliyefiwa na waume wawili, ana mimba ya uasherati. Hukumu yake inatoka papo hapo: atolewe nje, achomwe moto. Hakuita kikao, hakumsikiliza mwanamke, hakuuliza ni nani mwenzake. Tamari anapotolewa anapeleka kwa mkwewe vitu vitatu, muhuri, kamba yake na fimbo, akisema kwamba mwenye vitu hivyo ndiye mwenye mimba. Vilikuwa vya Yuda. Aliviacha rehani kwa mwanamke aliyedhani ni kahaba kando ya njia. Mzee yeyote wa nchi hii anajua fimbo ya mzee ni kitu gani. Huitambua ya mwenzake kwa mbali, na hakuna anayeweza kuikana yake mbele ya watu. Yuda hakuikana. Alikiri hadharani kwamba mwanamke yule alikuwa na haki kuliko yeye, na hukumu ikafutwa. Mathayo, anapoandika ukoo wa Yesu Kristo, hakumwacha Tamari nje. Jina lake limo katika aya ya tatu ya Agano Jipya, pamoja na mapacha aliowazaa kwa mimba ile iliyotaka kuchomwa moto.

Lipo pia swali la dhambi nyingine. Paulo, katika sura ile ile ya 1 Wakorintho 5, anawataja wanaopaswa kuonywa hata kutengwa: mzinzi yumo, lakini wamo pia mwenye kutamani, mwabudu sanamu, mtukanaji, mlevi na mnyang'anyi. Jina la aliyesogeza mpaka wa shamba la mjane baada ya mazishi limeandikwa mara ngapi katika kitabu cha waliotengwa? Na la anayempiga mkewe? Na la anayewapunja wenzake kwenye mzani wakati wa mavuno? Yakobo 2 anawashutumu Wakristo waliompa tajiri kiti kizuri na kumketisha maskini chini. Baraza linaloijua dhambi moja tu, tena kwa jinsia moja tu, haliwezi kusema kwamba linalinda utakatifu wa Kanisa.

Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na kuenea katika sharika za Kilutheri za Tanganyika, ulileta dawa na hatari kwa pamoja. Dawa ilikuwa kwamba ndugu waliungama dhambi zao wenyewe kwanza, mbele ya wenzao, wazee kwa vijana, wachungaji kwa washarika. Ndiyo boriti kutolewa hadharani. Hatari ilikuja pale maungamo yalipogeuka kipimo cha kuwapimia wengine, huyu ameokoka, yule bado. Hilo halikuishia zamani.

Nje ya Kanisa mambo yamebadilika. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule na hakuruhusiwa kurudi katika mfumo wa kawaida wa masomo. Mnamo Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurejea. Basi kuna binti anayeweza kuketi darasani Jumatatu na asiweze kuikaribia Meza ya Bwana Jumapili. Serikali haikuwa na Injili ya kuihubiri, nayo ilifungua mlango.

Kanisa la Korintho linaonyesha jinsi jambo hili linavyokwisha. Katika Waraka wa kwanza Paulo anaagiza mtu mmoja atengwe kwa kosa zito. Katika Waraka wa pili, sura ya 2, anazungumza juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi. Walimu wengi wa zamani walimwona kuwa ndiye yule yule, wengine wanasita, wala si lazima kukata shauri hilo hapa. Kinachoonekana wazi ni kwamba Wakorintho sasa wamekuwa wakali kupita kiasi, na Mtume ana haraka. Anasema adhabu hiyo inatosha. Anawataka wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni, na wamthibitishie upendo wao. Anaongeza kwamba kukawia kungempa Shetani nafasi. Mtume anayeogopwa kwa ukali wake ndiye anayelisukuma kanisa lifungue mlango upesi.

Wagalatia 6 inawaelekeza walio wa rohoni wamrejeze aliyeghafilika kwa upole, kila mmoja akijiangalia mwenyewe. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa kurejeza ndilo linalotumika katika Marko 1 kwa wavuvi wanaotengeneza nyavu zilizochanika. Kwa kazi hiyo Baraza la Wazee halihitaji kusubiri mkutano mkuu wa Dayosisi. Linaweza kuketi na kitabu cha waliotengwa, likaangalia kila jina lenye tarehe ya kutengwa na lisilo na tarehe ya kurudi, na kuuliza ni nani kati yao aliyewahi kutembelewa. Baadhi yao ni wanawake wazee sasa. Wanaishi Kambi ya Simba, Upper Kitete na Lositete, na nyumba zao zinajulikana.